Mmefika Wote Wawili?

Kwenye hatua ya mia moja sitini na nane Ephraimu akasimama, akatazama nyuma alikotoka, akacheka kidogo peke yake. Simu ilikuwa imesema hatua mia mbili kutoka kwenye kona mpaka duka la zamani lenye baraza ya nguzo, na duka lenyewe hili hapa mbele ya pua yake. Aliyeandika maelekezo ana miguu mifupi. Akatoa kijidaftari mfukoni, akalowesha ncha ya penseli ulimini, akaandika: Kituo cha tatu. Hatua zako ni fupi mno. Kwa mtu mzima weka 168.

Halafu akarudi kwenye simu, akaisogeza mbali na macho ili aione vizuri.

“Tazameni juu,” ilisema. “Ni mwaka gani uliochongwa kwenye paji la jengo?”

Akatazama juu. Mtaa wa India alikuwa ameupita maelfu ya mara, na hajawahi hata siku moja kuinua shingo. Pale juu ya mabati, chini ya kinyesi cha njiwa, mtu aliyekufa zamani alikuwa amechonga 1938. Akaandika. Simu ikalia kengele, ikamwaga karatasi za rangi kwenye kioo kama harusi.

“Vizuri sana! Mmefika wote wawili?”

Chini yake vitufe viwili, kimoja cha kijani kimeandikwa Ndiyo, kingine cha kijivu kimeandikwa Bado. Ephraimu akabonyeza Ndiyo. Ilikuwa mara ya tatu kuidanganya simu asubuhi hiyo, na saa nne haijagonga.

Mchezo ulikuwa wa Maulida, binti aliyepanga chumba cha pili, mwanafunzi wa utalii, mtu wa Tanga. Jumatano alimkuta Ephraimu mlangoni akipiga kiwi viatu ambavyo havikuwa na pa kwenda.

“Shikamoo mzee. Jumamosi una shughuli?”

“Marahaba. Jumamosi?” Ephraimu alijifanya kufikiri, kama mtu anayepekua siku zilizojaa. “Kwani kuna nini?”

“Nimetengeneza mchezo wa simu. Watu wanazunguka mjini wenyewe bila kiongozi, wanatafuta vitu vya kale. Nataka mtu aujaribu kabla sijaupeleka chuoni. Wewe umeupima mji huu wote. Ukipotea wewe, basi kosa ni langu.”

“Mimi hii simu inanipoteza humu humu chumbani.”

“Ndiyo maana nakutaka wewe!” Akacheka. “Ila ni mchezo wa watu wawili, mzee. Mmoja anasoma, mwenzake anatafuta. Una mtu wa kwenda naye?”

“Nitamkosaje?”

Basi alimkosa. Mkewe Evaresta alikuwa ametangulia mbele za haki mwaka wa pili sasa. Mwanawe wa pekee yuko Mwanza, anapiga simu kila Jumapili na kuuliza kama amekula. Wenzake wa kazini kila mmoja alishika njia yake siku ya kustaafu. Alikuwa mpweke, na aliona haya kuwa mpweke, kama mtu anavyoona haya kutoka nyumbani na shati lililochanika mgongoni.

Kwa hiyo alisoma mwenyewe na kutafuta mwenyewe. Kwenye Mnara wa Saa wauza vinyago na picha walimwendea mbio, wakamwangalia viatu, wakamwacha. Mume na mke fulani, wageni kutoka Dodoma, wakamwomba awapige picha. Akawapiga tatu, akiwasogeza kushoto na kulia kwa kiganja mpaka mnara ukakaa katikati yao sawasawa, maana huo ndio ufundi aliokuwa nao.

“Na wewe tukupige?” mwanamke akamuuliza.

“Mwenzangu bado hajafika,” alisema Ephraimu, na mara akatamani angesema kitu kingine.

Kwa miaka thelathini na moja kazi yake ilikuwa kushika mwisho wa futi ya kupimia ardhi. Mpima ardhi ndiye mwenye kalamu na darubini ya miguu mitatu, mshika futi anakwenda porini na upande wa pili, anaingia kwenye miiba, anafukuzwa na mbwa wa watu, anapiga kelele “Tayari!” na futi inavutwa mpaka inyooke. Hakuna anayemkumbuka. Lakini bila yeye hakuna kipimo, kwa sababu futi haivutwi na mtu mmoja, na hilo Ephraimu alilipenda kuliko mshahara.

Kituo cha saba, cha mwisho, kilikuwa Boma. Akapanda na barabara taratibu, jua limeanza kuuma, Mlima Meru umejifunika mawingu mpaka kiunoni. Ndani ya lango, kwenye bustani iliyozungukwa na kuta nene walizojenga Wajerumani, akakaa kwenye benchi, akafungua swali.

“Hapa bustanini kuna mmea wa ajabu! Kwa Wameru na Wachaga, aliyekosa akikuletea jani lake, huwezi kukataa kumsamehe. Utafuteni. Upigeni picha, kisha mtumieni mtu mmoja ambaye mngependa awe nanyi hapa leo.”

Ephraimu akalisoma mara ya pili. Mtoto wa Tanga alikuwa amelisoma jambo hili kitabuni, akaliona zuri, akaliweka kwenye mchezo na alama ya mshangao. Hakujua ameshika nini.

Hakuhitaji kutafuta. Masale yalikuwa pale pale ukutani, kichaka kizima, majani marefu ya kijani yamejikunja kama mikanda.

Huko Kikwe, kijijini kwao, baba yao alipoanza kuzeeka aliwagawia wanawe wawili shamba, Abdiel upande wa juu, Ephraimu upande wa chini. Hakuita mpima. Alitembea na fimbo yake, mama yao akimfuata na miche ya masale, na kila baba alipochoma fimbo, mama alipiga magoti akapanda mche. Ulikuwa mpaka uliopinda. Ulikwepa mgomba, ukazunguka jiwe, ukapanda tena. Miaka ishirini na mitano hakuna aliyeulalamikia.

Lakini mtu aliyeshika futi maisha yake yote hawezi kuvumilia mstari uliopinda. Baba alipofariki zikatoka karatasi za shamba zilizosema nusu kwa nusu, na kwa hesabu ya karatasi masale yalikuwa yameingia upande wa Ephraimu hatua moja na nusu. Kazini walikuwa na sheria isiyovunjwa hata mbele ya mkubwa: mpaka haupimwi jirani asipokuwepo. Aliijua kama anavyolijua jina lake. Ila ilikuwa Jumapili, Abdiel yuko kanisani, na mdogo mtu akataka kaka yake akirudi akute kazi imekwisha, imenyooka, aisifu. Naam, aisifu! Akafunga mwisho wa futi kwenye kigingi, akavuta peke yake, akapima. Akang’oa masale kumi na manne ya mama yake, akasimika nguzo za zege.

Abdiel alirudi na koti lake la kanisani, Biblia kwapani. Aliyatazama masale yaliyolala mizizi juu. Akauliza neno moja tu.

“Nani alikushikia futi?”

“Nilipima mwenyewe, kaka.”

“Basi kaa mwenyewe.”

Miaka sita. Ephraimu aliondoka Kikwe wiki ile ile, akarudi kwenye chumba chake cha kupanga mjini, na upande wake wa shamba akayaachia magugu. Evaresta alipofariki alimzika kwenye makaburi ya mjini, jambo ambalo Mmeru mwenye kihamba chake, shamba la ukoo, halifanyi ila awe amekatika na kwao. Abdiel alikuja. Alisimama nyuma kabisa, pamoja na majirani kama jirani, akatupa udongo wake, akaondoka.

Na vipimo vilikuwa sahihi. Hilo ndilo lililomtafuna. Angekuwa amekosea hata nusu hatua, angeomba radhi siku ile ile. Mara mbili alikata jani la isale kwenye ua wa watu, mara mbili likamkaukia dirishani, kwa sababu kupeleka isale ni kusema nimekosa, na kila akitaka kusema nimekosa futi ilimwambia hukukosea.

Sasa picha ya masale alikuwa ameipiga, na simu ilikuwa inamsubiri. Angeweza kumtumia Maulida ile picha, mchezo ukaisha, akarudi nyumbani kunywa chai. Hata jina lake aliligusa. Kisha akapanda kwenye orodha, polepole, mpaka kwenye A. Namba ya Abdiel hakuwahi kuifuta. Picha yake ndogo ya wasapu ilimwonyesha kaka mtu amesimama mbele ya zizi, ndevu nyeupe pe! Lini zimekuwa nyeupe?

Akapiga moyo konde, akatuma. Hakuandika neno.

Alama ya kwanza ikatokea. Ikatokea ya pili. Ephraimu akaiweka simu kifudifudi kwenye benchi, akaigeuza, akaifudikiza tena. Watoto wa shule wakapita na mwalimu wao. Kivuli cha ukuta kikasogea mpaka kwenye vidole vya viatu vyake, na akawa na hakika kuwa amefanya upumbavu, mzee mzima anatuma picha ya majani.

Simu ikatikisika. Ulikuwa ujumbe wa sauti. Akaubana sikioni kwa mikono miwili.

“Ephraimu.” Kisha jogoo, na mtu anayepasua kuni. Sauti ilikuwa imezeeka. “Jani nimeliona. Isale halitumwi kwa simu. Linaletwa kwa mkono.” Shoka likapiga mara mbili. “Na ukishuka barabarani usifuate ile njia ya mtoni. Daraja lilichukuliwa na mvua mwaka juzi. Zunguka shuleni.”

Akasikiliza tena. Akasikiliza mara ya tatu, na mara ya tatu akalia, si kwa sababu ya jani wala ya jina lake, bali kwa sababu ya daraja. Daraja limekwenda mwaka juzi, na yeye hakujua.

Mama aliyekuwa akifagia bustani, amejifunga shuka nyekundu juu ya sare ya kazi, akasimamisha ufagio.

“Baba, uko salama?”

“Niko salama, mama.” Akajifuta uso kwa mkono wa shati. “Naomba jani moja la ule mmea.”

“Hapa hatukati maua. Tukianza hivyo, kesho patabaki ukuta.”

“Si la kupamba.”

Yule mama akamtazama vizuri. Kitambulisho kilichoning’inia shingoni kilisema Namnyaki. “Unampelekea nani?”

“Kaka yangu.”

“Mkubwa au mdogo?”

“Mkubwa.”

“Eeh.” Akatikisa kichwa pole pole. “Sisi Waarusha tunakwenda kuomba radhi na nyasi mkononi. Lakini tumeishi na nyie, hilo jani nalijua.” Akauweka ufagio begani na kumgeuzia mgongo. “Mimi naenda kufagia upande ule. Yatakayotokea huku sijayaona. Na liwe moja!”

Ephraimu akachagua jani lisilo na doa, akalikata kwa ukucha. Kisha akalipiga fundo katikati, kama alivyomwona mama yake akifanya zamani. Vidole vyake vilikuwa vimefunga kamba kwenye vigingi miaka thelathini na moja, na vilijua fundo moja tu, lile la kukaza. Akakaza, jani likapasuka.

Akalitazama. Akatazama upande wa Namnyaki, ambaye alikuwa akifagia mahali palipofagiliwa tayari.

“Nimesema sioni,” mama akasema bila kugeuka.

La pili akalifunga taratibu, akaliacha fundo lipumue.

Akatoa tena kijidaftari ili amwandikie Maulida habari ya kituo cha saba. Alifikiri sana. Mwisho akaandika: Hapa usibadilishe kitu. Halafu akaongeza chini yake: Ila toa ile alama ya mshangao.

Simu ilikuwa bado imemkodolea. Karatasi za rangi zilikuwa zimekwisha kumwagika na sasa zimebaki herufi tupu, na vile vitufe viwili.

“Hongereni! Hiki ni kituo cha mwisho. Mmefika wote wawili?”

Jani likiwa mkono wa kulia, juu juu ili lisijikunje, akatumia dole gumba la kushoto. Akabonyeza Bado.

“Sawa,” simu ikaandika. “Tunawasubiri.”

Akatoka langoni, akashuka na barabara kuelekea kwenye mabasi ya upande wa Usa, njia ya Kikwe. Njiani palikuwa na watu wengi wa Jumamosi, kila mmoja na haraka zake. Mama mmoja alikuwa akipandisha na ndoo ya ndizi kichwani. Akaliona jani lenye fundo, akamwona mzee aliyelishika, akasogea pembeni na mzigo wake wote mpaka kwenye majani ya kando, akampisha.