Hatua Elfu Ishirini za Marehemu

Asubuhi ya nne baada ya kumzika mumewe, mshonaji alikuwa anatia zipu kwenye sketi ya mteja pale kihesabu hatua cha marehemu, kilicholazwa kando ya cherehani pamoja na mkebe wa pini, kilipoanza kuhesabu. Ilikuwa saa moja kamili. Moja, mbili, tatu, na kabla hajafika mwisho wa zipu kilishapita mia mbili. Alikitazama, akakata uzi kwa meno, akamwita wifi yake aliyekuwa anafua uani.

"Wifi, kaka yako ameenda kazini."

"Kavaa nini?" aliuliza wifi. "Mashati yake yote ninayo hapa kwenye beseni."

Marehemu alikuwa mtu wa kuwahi tangu ujana wake, na siku nne ni chache mno kumbadilisha mtu tabia.

Kazi yake ilikuwa kuokota mizigo kwenye ghala kubwa. Anapewa orodha, anasukuma kitoroli katikati ya rafu, anachukua sufuria hapa, taa pale, mpira wa maji kule mwisho kabisa, anawapelekea wafungaji. Kila mwokotaji alivalishwa kihesabu hatua mkononi, mfano wa saa, na hatua zake zilionekana kwenye skrini ukutani ili asijifiche mtu. Hatua elfu ishirini kwa zamu. Ukisimama dakika mbili, kinatetemeka. Ukizidi, kinalia, na onyo linaandikwa. Wenyewe walikiita nyapara. Yeye walimbandika jina la Kiatu, maana kila miezi miwili alimaliza jozi. Na kila jioni, akivua hivyo viatu, alimwambia mkewe neno lile lile: "Siku nikiacha kazi hii, mke wangu, nitakaa. Sifanyi kitu. Nitakaa tu."

Hapo ndipo palipomuuma mshonaji. Kifaa kuhesabu, na kihesabu. Lakini mume wa mtu kufa asipate hata kukaa, jamani!

Siku zikaenda. Kihesabu hatua kilianza saa moja asubuhi, kikanyamaza robo saa ilipofika saa saba mchana, kikaendelea hadi saa kumi na moja. Kisha, zamu ikiisha, kiliongeza nyingine karibu elfu tatu. Mshonaji alidhani wanambebesha kazi za ziada, akawatukana kimoyomoyo. Ilipokuja barua ya kutaka vifaa vya kazi virudishwe, alivitia vyote kwenye mkoba, akaenda.

Karani wa ghala alikuwa mama mpole mwenye miwani. Alipokea fulana, akapokea viatu, akakisukuma kihesabu hatua kirudi upande wa pili wa meza.

"Hiki tulikosea kukiandika kwenye barua, dada yangu. Bado kinatumika."

"Najua kinatumika. Nimekuja kuomba mume wangu aachiwe."

"Aachiwe? Mtu kama yule?" Karani aliigeuza kompyuta ili mgeni aone. "Tazama mwenyewe. Hali chakula, haendi chooni, haombi ruhusa. Hata siku ile ya msiba hakutuangusha."

Kwenye kioo palikuwa na mstari unaopanda, ukalala kidogo, ukapanda tena. Karani aliufuata kwa kalamu, kwa fahari ya mwalimu anayeonyesha daftari la mwanafunzi wake bora.

"Hapa, saa nne na dakika kumi asubuhi, alianguka. Rafu ya kumi na nne. Kikatetemeka. Onyo la kwanza, kimya. La pili, kimya. La tatu likamwinua. Akamaliza zamu yake, hatua elfu ishirini na kumi na mbili, ndipo tukakupigia simu."

Siku ile mshonaji aliambiwa mumewe alianguka getini saa kumi na moja jioni, akitoka. Saa kumi na mbili yeye alikuwa ameshafika ghalani, akamshika mkono, akaukuta wa baridi, vidole vimekakamaa havifunguki, na akajiambia ni ubaridi wa chumba walichomlaza. Kumbe ilikuwa asubuhi. Saa nne! Saa nne alikuwa anapima pazia la mteja. Mchana alikula, akacheka na wifi, akalala kidogo. Na muda wote huo mumewe maiti anasukuma kitoroli.

"Mlimtembeza maiti," alisema. Akarudia kwa sauti ya juu. "Mlimtembeza maiti!"

"Sisi hatukumtembeza, dada. Alitembea mwenyewe."

"Basi mwacheni."

"Kuacha kazi ni kwa barua. Na barua aandike mfanyakazi, kwa mkono wake."

"Mkono wake uko kaburini."

"Ndiyo maana tunakuonea huruma," alisema karani, na alikuwa anamwonea huruma kweli.

Njia ya kutokea ilipita ukingoni mwa rafu. Mwokotaji mmoja, aliyekuwa akija kwao kunywa chai, alimwona, akamfuata, akawa anakanyagakanyaga pale pale ili asihesabiwe kuwa amesimama.

"Shemeji, tulijua," alisema bila kumwangalia usoni. "Nilimsalimia mara mbili, hakuitikia. Macho yalikuwa yameshageuka. Lakini ukisimama kumshika mwenzio, na wewe unaandikwa."

Wakati huo kitoroli kilikuwa kinakuja chenyewe, kimepakia ndoo na viti vya plastiki, kikienda mwendo ambao mshonaji aliujua. Kilipofika mbele yake kikasimama. Wote wawili walikaa hivyo, yeye na kitoroli. Kisha ndani ya mkoba nyapara akaanza kutetemeka.

"Nenda, baba," alisema haraka. "Nenda, usije ukaandikwa."

Kitoroli kikaondoka.

Alirudi kwa miguu, na njiani akajikuta anahesabu. Kutoka getini hadi mlangoni kwake, hatua elfu tatu mia mbili. Jioni, zamu ilipoisha, alikaa na kihesabu hatua mapajani. Kiliongeza elfu mbili mia tisa na arobaini, kikanyamaza. Miguu ya mumewe ilikuwa mirefu. Kumbe siku zote hizo alikuwa anarudi nyumbani, na yeye hakuwahi hata kumkaribisha. Alilia mpaka wifi akaja kumshika mabega.

Kihesabu hatua kikawaka maandishi: *Hongera! Lengo la kesho: hatua elfu ishirini na mbili.*

"Mshenzi wewe," alikiambia.

Kutoka mlangoni hadi kwenye kiti cha marehemu zilikuwa hatua tisa. Alikivuta kile kiti mpaka kizingitini kabisa, akaweka beseni la maji ya vuguvugu mbele yake. Sakafu pale ilikuwa imebonyea, kiti kikawa kinayumba.

Kesho yake jioni hesabu ilipungua kwa hatua tisa, na maji yakachafuka.

Wiki iliyofuata ikaja barua ya ghala. Ilisema kwamba mfanyakazi aliyetajwa hapo juu amepunguza hatua tisa kwa siku bila maelezo, na kwamba hilo ni onyo la kwanza. Mshonaji aliisoma yote hadi kwenye muhuri. Akaikunja mara nne, akainama, akaisukuma chini ya ule mguu wa kiti uliokuwa unayumba, akakibonyeza kiti kwa mkono. Kilitulia. Saa kumi na moja ilikuwa imekaribia, akaenda kubandika maji.