Bahari Isiyoulizwa Umri

Jumatatu asubuhi Marlys Tackett alifuta meza ya jikoni, akapanga juu yake vitabu vya sayansi vya darasa la saba ili achague kimoja, na paka akaja akalalia kile cha aljebra, ambacho hakikuwa hata kwenye mashindano. Nje, barafu ya Missouri ilikuwa imeganda kwenye vioo vya gari. Mumewe, Doyle, alikuwa ameshakwenda kazini kwenye machimbo ya mawe ya chokaa. Binti yao Wren, wa miaka kumi na mitatu, alikuwa anakula nafaka na maziwa huku amesimama, jambo alilokatazwa kila siku.

Marlys alikuwa amechanganyikiwa, wala hakuona haya kulisema. Majira ya baridi yaliyopita alimtoa Wren shuleni, ukungu wa kuta za darasa ulipomfanya mtoto apumue kwa mlio kama birika. Kumtoa kulikuwa rahisi. Kuchagua mtaala wa nyumbani ndiko kulikomtoa jasho. Alitaka mtaala usio wa dini, utakaomfikisha Wren darasa la kumi na mbili na kumvusha hadi chuoni, maana mtoto alishasema kwamba baba yake akivunja mawe, yeye atayasomea. Lakini katika kundi la akina mama la mtandaoni kila mmoja alikuwa na lake. Huyu alisema mtaala huu ni mzuri, ila fizikia yake ni ya kuchezea watoto. Yule alisema ule ni sayansi tupu mpaka sura ya tisa, hapo anaingia Nuhu na safina yake bila kupiga hodi. Wa tatu alisema yote ni takataka, mwache mtoto alime bustani. Penye wengi pana mengi, na Marlys alizima simu akiwa anajua kidogo kuliko alipoiwasha.

Kilichomnyima raha zaidi ni jambo jingine. Katika mji ule wa Pruitt, familia zinazofundisha watoto nyumbani zilikuwa na ushirika wao, uliokutana kila Alhamisi kwenye ukumbi wa kanisa chini ya uongozi wa Bi Luann Hatcher. Ushirika ulikuwa na hadubini. Ulikuwa na meza za kemia na, kubwa kuliko yote, ulikuwa na watoto. Wren hakuwa na rafiki tangu aache shule. Marlys aliwahi kumkuta akimweleza paka jinsi mwamba unavyofanyika, na paka alikuwa anasikiliza kwa adabu tu. Ilimuuma sana. Ila ili mtoto aingie ushirika, mzazi hutia saini ungamo la imani, na humo mlisemwa kwamba dunia iliumbwa kwa siku sita, miaka elfu chache iliyopita. Marlys hakuamini hivyo. Doyle naye hakuamini, lakini alikuwa mwepesi zaidi wa kalamu.

"Si utie saini tu?" alimwambia. "Mtaka cha mvunguni sharti ainame."

"Nimeinama mpaka basi, Doyle. Nikiinama tena nitalala."

Basi akatafuta njia ya katikati, akaipata. Ulikuwapo mtaala uliosifiwa kuwa hauna upande. Haukumtaja Mungu, na haukutaja mamilioni ya miaka. Mchapishaji alikuwa amevitoa vyote viwili ili auze kwa watu wote. Marlys aliona amelamba dume. Bi Luann akiona kitabu kisichomkwaza, alijisemea, huenda akamfungulia Wren mlango bila saini. Wahenga walisema mchagua nazi hupata koroma, lakini wahenga hawakuwahi kufundisha darasa la saba jikoni.

Kitabu kilipofika, Wren alikifungua palepale mezani. Kilisema mawe ya chokaa hupatikana sehemu nyingi na hutumika kutengeneza saruji. Ukurasa uliofuata ulihusu upepo.

"Mama, limetoka wapi?"

"Nini?"

"Hili jiwe. Kitabu kinasema lipo tu."

"Endelea na upepo," alisema Marlys, na roho ikamsuta papo hapo.

Mchana ule maji yakaanza kuingia kwenye chumba cha chini ya nyumba. Yalipita kwenye nyufa za sakafu, taratibu, na kabla ya chakula cha jioni yalikuwa yamefika goti la mashine ya kufulia. Yalikuwa ya vuguvugu. Doyle aliporudi alishuka na buti zake za kazini, akachovya kidole, akaonja.

"Chumvi," alisema.

Kando ya mashine, wanyama wenye mashina marefu kama maua walikuwa wanayumba huku na huku, wakifungua na kufunga mikono yao. Doyle aliwatazama kwa muda.

"Hawa nawajua. Ila kazini huwa wamekufa."

"Yungiyungi wa baharini," alisema Wren kutoka kwenye ngazi. "Walikuwa hapa kabla hakujawa na mtu, Baba. Wala mjusi. Hilo jiwe lako la chokaa ni mabaki yao."

"Sawa. Nishikie huo upande wa mashine."

Waliipandisha mashine hadi barazani. Doyle alifunga pampu ya kuyatoa, na maji aliyoyamwaga uani asubuhi yalikuwa yamerudi kufikia jioni, kila siku na nyongeza, mpaka yakafika kiunoni. Watu wa bima ya nyumba walisema kwa heshima kwamba wanalipia mafuriko, hawalipii bahari. Baada ya hapo maisha yaliendelea, isipokuwa soksi zote za nyumba ile zilinuka chumvi.

Pruitt mtu akipatwa na jambo nyumbani, majirani humletea chakula cha kuoka. Bi Luann alikuja na bakuli la tambi na kuku, limefunikwa kwa karatasi ya alumini. Alishuka chini, akavua viatu, akatia mguu.

"Jamani, dada Marlys, kumbe ya moto! Na bwawa la mji limefungwa mpaka kiangazi. Watoto wangu wa ushirika hawajui kuogelea hata mmoja. Bwana ana njia zake."

Marlys alimwonyesha kitabu. Bi Luann alikipekua kwa furaha.

"Hiki ni kizuri. Hakimuudhi mtu."

"Basi Wren anaweza kuja Alhamisi?"

"Ah, mpenzi. Kitabu ni kitabu, saini ni saini." Alimshika Marlys mkono, na mkono wake ulikuwa wa huruma kwelikweli. "Lakini sisi tunaweza kuja kwenu. Tutaogelea hapa kila Alhamisi. Tena usihangaike na chochote, filimbi ninayo."

"Na Wren ataogelea nao?"

"Bima ya kanisa haimhusu asiye mwanachama. Akiumia itakuwaje?"

"Bi Luann, hapa ni kwake."

"Ndiyo maana anaweza kukaa kwenye ngazi. Mtu siwezi kumfukuza nyumbani kwake. Ila mambo ya maji haya yametoka wapi na yana miaka mingapi, hayo tuwaachie wazazi wa watoto. Ukiniharibia hapo, dada, hawatarudi."

Marlys alitaka kukataa. Kisha akamwona Wren mlangoni, ameshachana nywele, anasubiri. Akasema sawa. Hakujua kama amepewa kitu au amenyang'anywa, na alilala na swali hilo kama mtu aliyelala na viatu.

Alhamisi walikuja na mataulo na maboya ya mikononi. Kelele zilijaa nyumba nzima, na Marlys, aliyesimama juu ya ngazi, alijikuta anatabasamu. Wren alikaa kwenye kidato cha ngazi cha chini kabisa kilichokuwa kikavu, magoti kifuani. Watoto walijifunza kuelea kwa mgongo wakiwakwepa wanyama wenye mashina, na hakuna aliyeuliza kitu. Doyle alipita na sanduku lake la chakula, akawasalimia, akaenda zamu ya mchana.

Ndipo msichana mmoja wa umri wa Wren, Tirzah, akaogelea hadi kwenye ngazi. Alikuwa ameshika kitu kidogo kilichofanana na kidani, kimoja kati ya vipingili vya mashina ya wale wanyama.

"Eti, wewe unakaa hapa," alimwambia Wren. "Hiki ni nini?"

Uso wa Wren ukafunguka. Marlys hakuwa ameuona uso ule tangu mtoto atoke shuleni. Wren akavuta pumzi, na haikupiga mlio. Kisha, kwa adabu, akageuka kwanza kumtazama mama yake.

Ng'ambo ya chumba Bi Luann naye alikuwa anamtazama Marlys, filimbi mdomoni.

Marlys akatikisa kichwa kidogo sana, kuashiria hapana.

"Sijui," alisema Wren. "Kipo tu."

"Kizuri," alisema Tirzah, akakitupa majini, akarudi kwa wenzake.

Maji yalipanda kidato kimoja. Wren akainuka, akakaa kwenye kidato cha juu yake.