Hesabu Isiyo Uchumi

Dakta Clemens, mkuu wa idara ya uchumi katika chuo kimoja cha Shinyanga, alikuwa mtu wa tai hata siku za jua la kupasua mawe. Salvina alimkuta akijipepea na jarida ambalo hakuwahi kulifungua.

"Shikamoo, Dakta."

"Marahaba. Una shida gani?"

Shida yenyewe Dakta aliijua. Salvina alikuwa amebakiza kozi moja tu ya lazima, Uchumi wa Kati, na mwaka huo haikufundishwa kwa kuwa mwalimu wake alikwenda masomoni. Aliomba kozi mbili za hisabati alizopata A zihesabiwe badala yake, ahitimu na wenzake. Kule Kharumwa mama yake alishatenga dume mweusi wa ng'ombe kwa ajili ya sherehe, na kanisani alijitapa utadhani yeye ndiye anayehitimu.

"Hisabati ni hisabati, uchumi ni uchumi," Dakta alisema. "Uchumi una falsafa yake, binti. Huwezi kuupata kwa kuchezea x na y."

"Lakini Dakta, humo ndimo tulimojifunza kutafuta faida ya juu na gharama ya chini."

"Faida ya nani? Ya x?" Akacheka peke yake, amefurahishwa na akili zake. "Subiri mwakani."

Mwenye nguvu mpishe, walisema wahenga, nao wahenga hawakuwahi kulipa ada. Salvina alitoka na hasira ya kulia. Mwaka mzima, kisa falsafa! Mama alipopigiwa simu alisema, "Basi, ng'wanone, mwanangu, dume atangoja."

Dume hakungoja. Kaka yake Salvina, Mwigulu, alioa mwezi Juni, na dume akaswagwa pamoja na ng'ombe wa mahari.

Mwaka ulipogeuka, yule mwalimu wa uchumi hakurudi. Idara ikahaha, mwisho ikaazima mtu kutoka hisabati. Akaingia Boaz, yuleyule aliyempa Salvina zile A, na makabrasha yake yaleyale. Akaandika ubaoni swali ambalo Salvina alilikokotoa mwaka wa pili, ila x sasa ilikuwa ikiitwa bei.

"Salvina? Umerudia nini tena huku?"

"Falsafa, mwalimu."

Darasa zima likacheka. Yeye hakucheka, alikuwa akimfikiria dume wa mama yake. Dirishani akapita Dakta Clemens, tai imenyooka, akamwona ameinamia hesabu, akasimama kumpongeza.

"Umeona sasa?" akasema. "Huo ndio uchumi."