Siku Karani Alipofutwa

Mfamasia alikuwa amechoka kupigiwa simu akiwa kaunta. Anapima dawa ya maji ya mtoto mchanga, foleni imefika mlangoni, na simu inatetemeka mfukoni mwa koti jeupe. Hahitaji hata kuitazama. Ni baba.

"Mwanangu, Karani amekwama tena."

Karani hakuwa mtu. Ilikuwa ile sauti kavu ya kiume iliyokaa ndani ya laptop ya baba na kumsomea kila kilichoandikwa kwenye kioo, tangu presha ya macho ilipomaliza kumzimia dunia. Baba mwenyewe ndiye aliyeipa jina, na akiisemesha utadhani ana mwajiriwa mle chumbani. Karani, soma hiyo. Karani, punguza mwendo, hatufukuzwi. Karani naye akasoma, bila kumung'unya maneno na bila kuchoka.

Mzee alikuwa fundi redio maisha yake yote, na mtaa mzima ulimwita Mzee Mawimbi. Macho yalipokwenda, mikono ikabaki bila kazi, mpaka kituo kidogo cha redio kilipomwomba awe anajibu maswali ya wasikilizaji kwa simu kila Jumamosi alasiri. Redio yangu inakoroma. Spika inapasuka nikiongeza sauti. Maswali yaliyoandikiwa kituo yalimjia yeye moja kwa moja kwa barua pepe, Karani akamsomea asubuhi, naye akayapanga kichwani. Nusu saa hiyo ndiyo kazi pekee iliyomsalia, na aliilinda kama mboni ya jicho. Msemo huo yeye ndiye wa kwanza kuucheka.

Tatizo lilikuwa laptop. Ilishakula chumvi nyingi, mfumo wake ulishatelekezwa na waliouunda, na kufungua barua pepe moja tu ilikuwa shughuli ya kuchemsha chai, kuinywa na kuosha kikombe. Ikikwama, Karani ananyamaza katikati ya neno. Hapo ndipo simu inapolia kaunta.

Mwenzake wa zamu ndiye aliyemtia maneno. Kuna mfumo mpya, akamwambia, wa bure, mwepesi, umemfufulia kompyuta iliyokuwa inaliwa na vumbi stoo. Akampa na flashi yenye mfumo huo. Mfamasia akaitia mkobani akiwa tayari ameshaamua. Simu za kaunta zimefika mwisho.

Ikafika Jumamosi. Mtu mwenye akili zake hagusi laptop ya mzee siku ya kipindi, lakini zamu ilimpa mapumziko siku hiyohiyo, na haraka ikampa ujinga uliobaki. Akachomeka flashi. Mfumo mpya ulijaribiwa kwanza bila kuwekwa, kama mtu anavyovaa kiatu dukani na kuzunguka nacho. Ukawaka upesi. Rangi safi, maandishi yanang'aa, picha zinafunguka kabla hajaondoa kidole. Akacheka peke yake kwa furaha.

Baba alikuwa amekaa kitandani, mikono magotini. "Inasema?"

"Bado hatujafika huko, baba. Lakini ina kasi, ungeiona!"

"Nisingeiona. Inasema?"

"Itasema tu."

Hapo ndipo alipoharibu, na hakujua kama ameharibu. Alijaribu kila kitu kinachojaribiwa kwa macho. Masikio hakuyatumia hata kidogo. Mashine ikamwuliza: niuweke mfumo huu kando ya ule wa zamani, au nifute vyote? Nafasi ilikuwa finyu. Barua za mzee alishazinakili, picha alishazinakili, hata nyimbo zake za zamani alizitia kwenye flashi nyingine. Hakumkumbuka Karani. Angemkumbukaje, na Karani hakuwa kwenye folda yoyote aliyoizoea? Akabonyeza kufuta.

"Umebonyeza nini?" baba akauliza. Sikio lake lilikamata hata mlio wa kipanya.

"Naendelea tu, baba."

Laptop ilipowaka upya, baba akavuta kiti na kukaa mbele yake kwa hamu. Vidole vikatafuta vitone vya gundi. Alivibandika mwenyewe juu ya vitufe alivyovihitaji, kila kimoja na umbo lake: kimoja cha kumwamsha Karani, kimoja cha kumnyamazisha, kimoja cha kumrudisha nyuma. Akabonyeza cha kwanza.

Kimya.

Akabonyeza tena. Kwenye kioo, ukurasa ukajifunga. Akabonyeza cha pili, mwanga wa kioo ukafifia. Akabonyeza cha tatu, na mashine ikauliza kwa maandishi mazuri kabisa kama anataka kuizima. Mzee hakuliona swali. Akabonyeza kitufe kikubwa, kama alivyozoea kumwambia Karani aendelee, na laptop ikazimika.

"Karani amekwenda wapi?"

"Subiri, baba. Usiguse kwanza."

Usiguse. Alimwambia hivyo mtu aliyeshika chuma cha kulehemu kabla yeye hajazaliwa.

Ikaanza patashika. Mashine haikutoa sauti yoyote. Mfamasia alihangaika nayo mpaka akagundua kwamba mfumo ulikuwa unapeleka sauti yote kwenye televisheni ambayo haipo. Akairekebisha. Sauti ikaja, ya kike, ikisoma Kiswahili kwa lafudhi ya mgeni aliyeshuka jana na mzigo hajaufungua. Akatafuta sauti ya Kiswahili, ikabidi ipakuliwe, na mtandao ukajikokota. Ilipopatikana, ikabwabwaja kwa kasi asiambulie neno mtu yeyote. Akaipunguza, ikalegea kama mlevi. Akazima, akawasha, na pale pa kuandika neno la siri sauti ikagoma kabisa, kwa hiyo mtu asiyeona asingejua hata kama mashine imewaka. Kichwa kilimwanga. Alitamani kuirusha laptop dirishani na kumrushia mwenzake wa zamu ile flashi yake.

Simu ya baba ikalia. Mtangazaji.

"Mzee wetu, upo tayari kwa leo? Sauti yako naisikia nzito. Kama mambo hayajakaa sawa, tunaye fundi mmoja hapa anaweza kukushikia. Hata akiendelea yeye mwezi huu, wewe upumzike, si vibaya."

"Nipo tayari," baba akasema, akakata simu. Maswali hakuwa amesikia hata moja.

Akageuza uso kuelekea alikokuwa binti yake, akamkosa kidogo, akazungumza na kabati. "Mrudishe Karani."

"Baba, huu mpya nikiuzoea kidogo tu..."

"Sikukuuliza wewe utazoea nini. Mrudishe."

"Nimemfuta."

Mzee akasema taratibu, bila kupandisha sauti, "Nilipopofuka mara ya kwanza nilisema ni kazi ya Mungu. Hii ya pili ni yako."

Machozi yalimlenga mfamasia, akayameza. Kipindi kilikuwa kinakaribia na hapakuwa na nafasi ya kulia. Akavuta kiti karibu, akafungua barua pepe, akamsomea yeye mwenyewe. Redio inayoshika kituo kimoja tu. Redio iliyolowa. Waya uliotafunwa na panya. Baba alitikisa kichwa kwa kila moja, midomo ikicheza, akipanga. Akarudi kuwa fundi mbele ya macho ya binti yake, na moyo wa mfamasia ukaanza kutulia.

Kisha akafika kwenye barua moja, ulimi ukasita.

"Vipi?"

"Hakuna, herufi ndogo tu. Anauliza: mzee, unawezaje kutengeneza redio bila kuona?"

Baba akajikuna kidevu. "Ndivyo alivyoandika?"

"Ndivyo."

"Mtu mpole," mzee akasema. "Endelea."

Kipindi kikapita salama. Hewani baba alimjibu mtu huyo mpole kwa upole, akaeleza habari za kusikiliza na kupapasa, jibu refu la adabu na lililopwaya. Mtangazaji akamshukuru haraka na kutia muziki. Kazi ilikuwa imeokoka. Mfamasia akashusha pumzi, akaanza kufikiria kwamba huenda hata hii njia inafaa: yeye amsomee kila Jumamosi, basi, mambo yaishe.

Baba hakuwa na mawazo hayo. Alirudi kwenye laptop, akaanza kukwangua vitone vya gundi kwa ukucha, kimoja kimoja, mpaka vitufe vyote vikawa laini. Vipande akavikusanya kiganjani, akavitia mfukoni.

"Lete gundi. Huyu mpya anaamshwa wapi?"

Binti akamshika kidole, akakiweka. Baba akatonesha. Cha kunyamazisha hapa. Cha kurudi nyuma hapa. Lile neno la siri binti akaliondoa kabisa, ili mlango usiwe bubu tena. Baba akamuuliza kila kitu mara mbili, akakirudia mwenyewe kwa sauti, kama alivyokuwa akiwafundisha wanafunzi wake majina ya waya.

"Sasa toka."

"Baba, acha nikae kidogo. Ukikwama..."

"Toka, mama. Nikikwama, nikwame mwenyewe."

Akatoka, akafunga mlango, akasimama ukumbini. Alimsikia akikosea. Sauti mpya ikaropoka, ikakatika, mzee akaitukana, akaanza upya. Ikakatika tena. Mkono wa mfamasia ulishika kitasa mara kadhaa, na kila mara akauondoa kwa nguvu. Hatimaye sauti ikatulia, ikaanza kusoma zile barua toka juu, ikivunja maneno pasipofaa kuvunjwa. Redio inayoshika kituo kimoja. Redio iliyolowa. Waya wa panya. Akajua inakoelekea.

"Hivi huyo kipofu wenu," ikasoma ile sauti, bila haya, "redio anatengeneza kwa kunusa? Mpumzisheni, ametuchosha."

Kitufe kikagongwa, sauti ikanyamazishwa.

"Mfamasia!"

Alimwita hivyo akiwa amekasirika tu. "Naam, baba."

"Hii dawa ulinitilia sukari ya nini?"

Mfamasia aliweka paji la uso kwenye mlango.

"Karani hakuwahi kunionea huruma," mzee akasema kutoka ndani. "Hata siku moja. Ndiyo maana nilimpenda."

Kisha vitufe vikaanza kulia, polepole, na ile sauti ngeni ikataja kila herufi anayoigonga. Alikuwa anamjibu yule mtu. Akakosea herufi, mfamasia akaisikia na mkono ukamwasha. Baba naye akaisikia. Akaifuta mwenyewe, akaendelea.