Nyumba Nne Tu

Ebenyo alikuwa mtu wa takwimu, na watu wa takwimu huiamini mno karatasi yao. Kwa hiyo fomu za vijiji vya pembeni ya Kakuma ziliporudi ofisini Lodwar zikisema kwamba mwaka mzima zimejengwa nyumba mpya nne tu, aliandika nne, akapiga mstari, akaenda kunywa chai.

Jumatatu asubuhi mama mmoja aliingia ofisini na vumbi lake lote. Alikuwa ameshuka kwenye lori la Abdisamad, mfanyabiashara wa Kakuma aliyekuja kuchukua unga. Shanga zilimjaa shingo nzima, na hasira zilimjaa uso.

"Ejok," alisalimia kwa Kiturkana, maana adabu ni adabu hata ukiwa umekasirika. "Mimi Akiru. Ni wewe naandika nyumba nne?"

"Ni mimi, mama. Karibu ukae."

"Sikai. Chifu nasema bomba ya maji nakuja kule nyumba mpya iko mingi. Sisi iko nne, basi bomba naenda kwa wengine. Na mimi na binti yangu tu tumejenga tano!"

Ebenyo alipigwa na butwaa. Orodha ya vijiji vya bomba ilikuwa inafungwa Ijumaa. Wanawake wa kwa kina Akiru walikuwa wakichimba mchanga wa mto mkavu kutafuta maji, na ile nne yake ndiyo ingewaacha hapo hapo mchangani. Alitoa fomu, akamwonyesha.

"Tuliuliza kila boma, mama. Swali ni hili: umejenga nyumba mpya mwaka huu? Wazee wenyewe wamejibu hapana."

Akiru aliitazama karatasi, akamtazama na yeye, kisha akacheka mpaka ikabidi akae kwenye kile kiti alichokikataa.

"Mliuliza wanaume?"

"Wakuu wa kaya, ndiyo."

"Wamesema kweli. Mwanaume amejenga nini? Kwani wewe si Mturkana?"

Ebenyo alitamani ardhi immeze. Alijua vizuri sana, kama anavyojua kila mtoto wa Turkana. Mwanamke ndiye anayekata fito na kuzipinda, ndiye anayeezeka kwa majani ya mikoma, na nyumba ikishasimama ni yake. Mzee ana mifugo yake na kigoda chake. Lakini fomu ilisema mkuu wa kaya, na yeye na shahada yake hakuona kitu. Wazee hawakudanganya hata kidogo, na bado hesabu ilikuwa uongo mtupu.

"Nisamehe, mama. Na asante kwa kuja."

"Asante utasema baadaye. Twende."

Wakaenda. Siku tatu nzima Akiru alimtangulia boma kwa boma, na safari hii walioulizwa ni wanawake. Kila mmoja alisimama mlangoni pa nyumba yake na kutaja jina lake kwa sauti mbele ya wenzake. Wala Akiru hakumpendelea mtu. "Hiyo ya zamani, umebadilisha majani tu!" alimfokea jirani yake Asinyen. "Usidanganye serikali!" Ebenyo akaifuta.

Ijumaa asubuhi aliweka hesabu mpya mezani kwa mkuu wake, mzee Erupe. Nyumba mia mbili na kumi na tatu.

"Kutoka nne?" Erupe aling'aka. "Kwa wiki moja? Nani amejenga hizi zote?"

"Wanawake, bosi. Hatukuwauliza."

Erupe alivua miwani.

"Kila tulipohama, mama yangu alijenga nyingine," alisema. "Mimi nimelala humo mpaka nilipoenda shule ya bweni. Na kila fomu niliyojaza maishani, nimeandika nyumba ya baba." Akavuta kalamu, akasaini. Kisha akaagiza fomu za kaunti nzima zibadilishwe, mwenye kuulizwa awe yule aliyejenga.

Saa kumi majibu yakatoka. Ebenyo akampigia Akiru simu.

"Mama, bomba linakuja kwenu." Alikuwa na shukrani nyingi kuliko maneno. "Asante. Mimi ningewanyima maji kwa kalamu yangu mwenyewe."

"Umeandika sisi wote?"

"Wote."

"Kwa jina?"

"Kwa jina."

"Basi soma."

Alisikia simu ikiwekwa sauti kubwa na wanawake wakisogea karibu. Akafungua ukurasa wa kwanza, akaanza kusoma, na kila jina lilijibiwa na mwenyewe, "Niko!", na vigelegele juu yake. Kwenye jina la arobaini salio lilikwisha. Ebenyo alitoka mbio mpaka dukani, akanunua jingine, akaanzia la arobaini na moja.