Kiti cha Kwanza

Kwa wiki tatu nilikuwa na wazee kumi na wawili mezani kwangu. Walikuwa vipande vya karatasi ya manjano, kila kimoja na jina, umri na mkoa, na kila asubuhi nilivisogeza huku na huku juu ya mchoro wa ukumbi kama mama anayepanga vyombo kabatini. Mkutano wa kitaifa wa sera za wazee ulikuwa ufanyike hapa Sejong, mji wa wizara za Korea, mwezi wa kumi, siku mbili, watu mia nane, na katika wizara nzima aliyejua nani anakaa wapi ni mimi peke yangu. Nilijiona mtu, sitaki kusema uongo.

Viti vya maofisa havikunisumbua. Vyeo hujipanga vyenyewe. Kazi ilikuwa ile safu ya mbele, ya wazee walioalikwa kutoka kila pembe ya nchi. Saa nne kamili waziri angeingia, angesimama mbele ya kiti cha kwanza, angepiga magoti na kuinama mpaka paji la uso liguse mikono, ile salamu kubwa tunayowapa wazazi wetu asubuhi ya mwaka mpya. Kisha aliyekalia kiti hicho angesema maneno ya dakika mbili kwa niaba ya wazee wote wa Korea. Kiti hicho ni cha mkubwa kuliko wote, na kwetu jambo hilo halina mjadala. Wageni wawili wakikutana, chai haijapoa wameshaulizana umri, maana bila hivyo hujui nani umwite dada, nani umpokee glasi kwa mikono miwili, na nani anyanyue kijiko kwanza.

Basi niliwapanga kwa tarakimu sita za mwanzo za vitambulisho vyao, zile za mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Kompyuta ilimaliza kufumba na kufumbua. Kiti cha kwanza kikaenda kwa babu Pyo Man-gil, miaka tisini. Cha pili kikaenda kwa bibi Gil Sun-deok, themanini na tisa. Nikatuma barua za mwaliko pamoja na orodha ya viti, na siku ya nne simu ikalia.

"Wewe ndiye binti wa viti?"

"Ndiyo, bibi. Naitwa Tak Ju-hyeon. Naongea na nani?"

"Gil Sun-deok. Umeshakula?"

"Nimeshakula, bibi."

"Muongo, hata saa sita haijafika. Haya, nisikilize. Mmeniandika themanini na tisa. Mimi nina miaka tisini na miwili. Nimezaliwa mwaka wa nyani. Huyo Pyo wenu hapa mmemwandika mwaka wa mbwa. Mtoto kwangu huyo, na mmemweka juu yangu."

Kila mwaka kwetu una mnyama wake, kumi na wawili kwa zamu, na mzee anaweza kusahau jina la mjukuu wake lakini si mnyama wa mwaka wake. Nikamwambia kwa upole kwamba kitambulisho chake kinasema vingine.

"Baba yangu alikuwa ameshazika watoto wawili," akasema. "Nikaja mimi, wa tatu. Akasema, huyu simwandikishi mpaka nione kama atabaki. Akangoja miaka mitatu, ndipo akaenda ofisini, na karani akaandika kama nimezaliwa siku ileile. Simlaumu baba, aliogopa. Lakini ile miaka mitatu niliishi, binti. Nilitambaa, nikaota meno, nikaungua mguu jikoni, kovu ninalo mpaka leo. Ninyi mnasema sikuwepo."

"Unataka tubadilishe kitambulisho?"

"Kwa umri huu? Nikakifanyie nini? Nataka siku moja tu serikali inihesabu sawasawa, mbele za watu. Nikalie kiti changu, nirudi kwangu nikafe."

"Usiseme hivyo, bibi."

"Kufa nitakufa, unipe kiti usinipe. Bora unipe."

Nilicheka. Kisha nikampa jibu la kiofisi, kwamba suala lake tutalipitia kwa kina. Miaka kumi na mitano ya kazi imenifunza kulitamka neno hilo bila kupepesa macho, na kila aliyewahi kufika dirishani kwetu anajua maana yake ni hapana.

Hata hivyo nilikwenda kwa mkuu wangu, bwana Maeng, nikamkuta akila tunda la persimoni lililokaushwa juu ya ratiba ya mkutano. Ratiba ile ilikuwa yangu pia, dakika kwa dakika, kurasa arobaini na moja. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ana ushahidi gani?"

"Nyani, mkuu."

Akanitazama juu ya miwani. "Kwa hiyo nikamwambie waziri ampigie magoti mtu kwa ushahidi wa nyani?"

"Rika lile wengi waliandikishwa hivyo, mkuu. Hata babu yangu."

"Ndiyo maana nakataa. Ukimsikiliza mmoja, kesho wote kumi na wawili watakuwa na miaka mia. Pensheni, matibabu, mtu wa kumpikia mzee nyumbani, yote hayo yanaanzia kwenye tarehe iliyoandikwa. Tukiikana wenyewe ukumbini, watu watatuelewaje?" Akafuta vidole. "Na wewe orodha ya kupandishwa vyeo inatoka mwezi wa kumi na mbili. Jina lako nimelipigania. Usiniangushe, Tak."

Alikuwa na hoja, na hilo liliniudhi kuliko kama asingekuwa nayo. Nilirudi mezani, nikakiacha kile kipande cha karatasi pale pale kwenye kiti cha pili, nikainua simu.

"Imeshindikana, bibi."

Nyuma yake nilisikia redio ikitangaza hali ya hewa.

"Haya," akasema. "Nitakuja hivyo hivyo. Nguo nimeshazipiga pasi."

Hakunisema vibaya. Niliona haya kwelikweli. Nimesomea sera za wazee, nimeandika ripoti ambazo mtu mmoja hawezi kuzibeba, na sikuwa nimewahi kumuuliza mzee yeyote amezaliwa mwaka wa nani.

Siku ikafika. Saa tatu na dakika arobaini wazee waliingia, wakabandikwa ua kifuani, wakaonyeshwa viti. Bibi Gil alikuwa mdogo wa umbo, amevaa vazi la hariri la kijani, nywele zimekazwa nyuma. Alisoma kibao chenye jina lake, akakaa kiti cha pili, akatazama mbele. Nilimwinamia. Aliitikia kwa kichwa tu, kama unavyomwitikia mtu wa benki.

Babu Pyo, kwenye kiti cha kwanza, akamgeukia kwa adabu.

"Samahani, mwenzangu. Mwaka wa nani?"

"Nyani."

Babu yule aliinuka kwa kasi yote ambayo magoti yake yaliweza kutoa. "Nyani! Na mimi mbwa nimekukalia juu! Hawa watoto wa serikali wamenivunjia heshima. Pita, dada, pita."

Akachukua kibao chake mwenyewe na kuhama. Bibi Gil alikitazama kile kiti kitupu kwa muda, kisha akakikalia, mikono magotini, kidevu juu. Macho yake yaling'aa. Nilitamani mambo yaishie hapo, lakini safu nzima ilikuwa imesikia.

"Mimi jogoo," akasema bibi wa kiti cha sita. "Wameniandika panya."

"Basi jogoo yuko juu ya mbwa. Ondoka tena, Pyo!"

"Naondoka, jamani, naondoka. Leo nitakaa vyote."

"Wewe je? Ng'ombe?"

"Ng'ombe nyumbani, chui ofisini."

Walicheka, wakainuka, wakapishana na vibao vyao mkononi, fimbo zikigongana. Nilikimbia mbele. "Mabibi na mababu, nawaomba, tukae kama tulivyopangwa."

"Tulia, binti," akasema babu Pyo. "Si unaona tunapanga?"

Sauti ya mkuu Maeng ikapasuka kwenye kifaa cha sikioni mwangu. "Tak! Kuna nini huko mbele? Waziri yuko mlangoni. Wakalishe, dakika moja imebaki!"

Bibi Gil sasa alikuwa mkubwa wao, na kuuliza ilikuwa kazi yake. Akanyoosha shingo mpaka mwisho wa safu. Kwenye kiti cha kumi na mbili alikuwa amekaa bibi aliyepinda mgongo, Eom Bun-i, ambaye orodha yangu ilimpa miaka themanini na sita. Hakuwa amehama wala kusema neno.

"Na wewe wa mwisho, mbona kimya? Mwaka wa nani?"

"Farasi."

"Farasi wa zamu ipi? Mdogo au mkubwa?"

"Mkubwa." Sauti yake ilikuwa ndogo hata ikabidi tusogee. "Majalada ya kwetu yaliungua vitani. Karani mpya akanitazama, mimi mfupi, akaandika alichokiona. Tisini na minne sasa. Sikutaka kusumbua watu."

Kila mtu, na mimi pia, alimtazama bibi Gil kwenye kiti chake alichokikalia dakika tatu.

"Tak!" sikio likapiga kelele. "Unanisikia?"

Nilikitoa kile kifaa sikioni, nikakitia mfukoni. Nikaenda mlangoni, nikamkuta msaidizi wa waziri ameshashika kitasa, nikamzuia kwa mkono. "Bado," nikasema. "Wazee hawajamaliza kujipanga." Mkono sikuushusha.

Nilipogeuka, bibi Gil alikuwa ameshasimama. Alitembea safu nzima bila fimbo, akafika kiti cha kumi na mbili, akainama, akaushika mkono wa yule bibi kwa mikono yake yote miwili.

"Dada," akasema. "Tangu dada yangu wa kuzaliwa afe, miaka kumi na minne, sijapata mtu wa kumwita hivyo."

Akamwinua taratibu. Wazee wengine kumi walisimama, wakawapisha.

"Twende, dada. Polepole. Hawa watasubiri."

Saa ya ukutani ilionyesha saa nne na dakika sita, na walikuwa ndiyo kwanza wanapita kiti cha nane.