Aliyefuta Ndani ya Dirisha

Tarsis alikuwa mchoraji wa ramani za majengo, na silaha yake ilikuwa wembe. Ukipanda ofisini kwa Chandu pale Mchafukoge, juu ya duka la vipuri vya baiskeli, ulimkuta ameinamia meza yake ya mshazari, wembe katikati ya vidole. Wino wa ramani hautoki kwa raba. Unaukwangua taratibu mpaka mstari upotee na karatasi isitoboke. Katika kazi hiyo Tarsis hakuwa na mpinzani, alijua hivyo, na alipenda wengine nao wajue.

Halafu Rinkal, binti wa Chandu, akarudi kutoka masomoni na shahada yake na kompyuta mbili. Ilikuwa miaka ya tisini, soko huria limeshika kasi, na kila mwenye kiwanja Kariakoo alikuwa anabomoa nyumba ya udongo apandishe ghorofa. Chandu hakuzunguka mbuyu. Alisema meza zitauzwa, na anayetaka kubaki ajifunze mashine.

Tarsis akajifunza, tena vizuri kuliko walivyotarajia. Kilichomshinda ni kimoja tu, nacho ni madirisha.

Rinkal alimweleza siku ya kwanza, kwa adabu zote. "Mzee Tarsis, jengo tunalichora mara moja tu, kwa ukubwa wake halisi. Halafu kwenye karatasi tunafungua madirisha. Dirisha hili linaonyesha ghorofa ya chini, hili linaonyesha ngazi kwa karibu, hili choo. Yote yanachungulia jengo lile lile."

"Nimekuelewa," Tarsis akasema.

Hakuwa ameelewa hata chembe. Lakini ataanzaje kuuliza mara ya pili, tena kwa mtoto aliyemjua tangu ananyonya? Akatikisa kichwa kama mtu aliyesikia habari ya zamani, wakaendelea.

Kazi yake ya kwanza kubwa kwenye mashine ilikuwa ya Celina, mwanamke wa Rombo aliyekuwa akiuza kanga na vitenge kwa jumla Kariakoo. Wateja wake walimwita Mama Allen. Alitaka ghorofa kwenye kiwanja chake, chini duka la kupangisha, juu vyumba vya wapangaji.

"Kitu kimoja kisikose," alimwambia Tarsis. "Nyuma ya duka nataka chumba cha mama yangu, na choo humo humo. Miguu yake haiwezi ngazi. Nimeshamwambia aje, na ameshagawa kuku wake."

Chumba kile Tarsis alikichora kwa moyo. Mama yake mwenyewe alifia kwenye chumba cha kupanga Magomeni, chumba kisichoingia hewa, na jambo hilo lilikuwa bado linamuuma. Akamwekea yule mama asiyemjua dirisha kubwa, na kitanda mahali ambapo mtu akiamka anaona mlango.

Siku chache baadaye Celina akaomba karatasi moja ya ziada. Kulikuwa na mfanyabiashara anayetaka kulipanga lile duka, naye alitaka kuliona duka tu, bila mambo ya familia ya mwenye nyumba. Kazi ndogo. Tarsis akafungua karatasi mpya, akaweka dirisha, akalielekeza ghorofa ya chini. Duka likaonekana, na nyuma yake chumba cha mama, kimejibanza kikichafua karatasi. Akabofya mara mbili ndani ya dirisha, akazichagua kuta za chumba, kitanda, choo, akafuta vyote. Wembe ungemchukua asubuhi nzima. Alifurahi kweli siku ile.

Masikini, alidhani amesafisha karatasi, kumbe amebomoa chumba. Jengo lilikuwa moja, na madirisha ya karatasi zote yalikuwa yanalichungulia hilo hilo. Chumba kikatoweka kwenye karatasi ya Jiji, kikatoweka kwenye karatasi ya fundi. Karatasi zikachapwa, Celina akaja akazipitia na kuzisaini, zikaenda kupata kibali, msingi ukachimbwa.

Jengo lilikuwa limeshafika kwenye zege la ghorofa ya kwanza Rinkal alipokaa kuchora mabomba ya maji.

"Mzee Tarsis, choo cha bibi kiko wapi?"

Tarsis akasogea. Akatazama karatasi moja, akafungua ya pili, ya tatu.

"Nilikitoa kwenye ile ya duka," akasema. "Ile moja tu."

Rinkal hakumcheka. "Ulifuta ndani ya dirisha," akasema. "Ungeweza kukificha kwenye dirisha lile peke yake, kikabaki jengoni. Nilitakiwa nikuonyeshe."

"Ulinionyesha," Tarsis akasema. "Mimi ndiye sikukuuliza."

Wakakirudisha chumba wakiwa wamekaa pamoja, na safari hii Tarsis aliuliza kila kitu. Chandu alipoambiwa, akavua miwani, akaipangusa kwa shati. "Kuta za ndani fundi anaanza wiki hii. Nenda mwenyewe kamwambie mteja kabla hajasikia kwa fundi. Akituondolea kazi, Tarsis, sitakuwa na la kukutetea."

Akaenda kwa miguu mpaka kwenye duka lake la kanga, karatasi mpya kwapani, akijipanga maneno. Celina akampa kigoda na soda ya baridi. Ndani kabisa ya duka, juu ya robota la vitenge, alikaa bibi kizee ameunyoosha mguu mmoja.

"Mama yangu," Celina akasema. "Amefika Jumapili."

Tarsis akashusha sauti, akaeleza yote bila kujipunguzia. Kosa ni lake, si la kompyuta wala la Chandu. Kuta hazijainuliwa, chumba kinaweza kurudi. Akamaliza, akasubiri matusi.

Celina alikuwa anakunja kanga. "Niliona," akasema.

"Uliona nini?"

"Siku ile ninasaini niliona chumba hakipo. Duka limefika mpaka uani, na yule mpangaji ameshalipenda lilivyo. Nikasema moyoni, mzee Tarsis akikumbuka ataniambia. Hukuniambia. Nikasaini."

"Na mama?"

"Nimemwambia mchoraji alisahau, na ghorofa ikishapanda hakuna namna. Atapumzika kidogo, atarudi Rombo." Akaweka kanga juu ya nyingine. "Hakukasirika. Anakuombea. Wewe iache ilivyo, mzee wangu. Ofisini kwenu sitasema neno."

Hapo Tarsis angeweza kunyanyuka na kwenda zake. Kazi yake imesalimika, mteja ametulia, Chandu angemwagizia chai. Lakini hasira ilimpanda mpaka masikioni. Aibu aliyotembea nayo kutoka Mchafukoge alikuwa tayari kuibeba, kwa sababu ilikuwa yake. Hii nyingine alikuwa ametwishwa, tena na maombi juu.

"Celina," bibi akaita kutoka kule ndani. "Huyo ndiye mchoraji?"

Celina akamtazama Tarsis, macho yakimsihi.

"Ndiye mimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba, baba. Usihuzunike kwa ajili yangu. Kwetu nina kitanda. Ni kuku tu nitawadai watu wanirudishie." Akacheka kidogo, peke yake.

Tarsis akasimama, akaenda mpaka kwenye lile robota, akachuchumaa na kuikunjua karatasi magotini pa bibi. Akamwonyesha kwa kidole. "Hili ni duka. Hapa nyuma ndipo kwako, mama. Kitanda hiki, choo hiki, hakuna ngazi hata moja. Nilikosea kukifuta, nimekirudisha. Kuta hazijajengwa bado, hakijachelewa kitu."

Bibi akaipapasa karatasi pale palipochorwa kitanda. Kisha akainua uso kwa binti yake. "Si uliniambia haiwezekani tena?"

Mteja mmoja aliuliza bei ya vitenge mlangoni na hakujibiwa. Celina alisimama na kanga mkononi.

"Nimekuja kumuuliza Mama Allen kama nimpelekee fundi karatasi hii leo," Tarsis akasema. Alimsemesha bibi, hakugeuka nyuma.

"Mpelekee," Celina akasema.

Akaikunjua ile kanga aliyokuwa ameshaikunja, akaanza kuikunja upya.